Vigae Sitini na Vitatu vya Bi Namba

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Aliandika namba kwenye vigae. Wachimbaji walikwenda huko walikokwenda, wakachimba mashimo yao ya mraba, wakarudi na mifuko ya vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani sana, na yeye akaipokea kwenye chumba cha nyuma cha makumbusho. Alivisugua vipande kwa mswaki, akavianika kivulini kwenye trei za waya, kisha akaketi na kalamu yenye nibu nyembamba kama sindano. Alikipaka kigae mstari mdogo wa vanishi, akangoja ukauke, akaandika juu yake kwa wino mweusi: mwaka wa uchimbaji, namba ya shimo, namba ya tabaka la udongo, namba ya kigae chenyewe. Akapaka vanishi tena juu ya wino. Namba nzima ilikuwa na urefu wa punje mbili za mchele, na mtu aliweza kuisoma bila miwani. Wenzake walimwita Bi Namba, na jina hilo likamganda hata nyumbani.

Aliingia pale akiwa mfagiaji. Alikuwa ameishia kidato cha nne, baba yake ametangulia mbele ya haki, na mama yake hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Siku moja mtaalamu wa vyungu aliona ratiba ya usafi imebandikwa mlangoni pa choo, akaisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyeiandika. Wiki ile ile Bi Namba aliacha ufagio akapewa kalamu.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, waliyepishana miaka kumi na miwili. Kwa kuwa alikuwa wa mwisho, nyumbani walimwita Kitinda. Bi Namba ndiye aliyembeba mgongoni, aliyempeleka shule siku ya kwanza, aliyemsuka nywele kila Jumapili huku mtoto akilia kwamba anavutwa. Kitinda alipomaliza sekondari, dada yake alimwombea kazi ya miezi mitatu ya kuosha vigae. Alimwonyesha jinsi ya kushika mswaki asifute michoro. Akamfundisha kwamba udongo hulala kwa matabaka, la chini likiwa la zamani kuliko la juu, na kwamba kigae kisichojulikana kimetoka tabaka gani ni sawa na kokoto la njiani. Mdogo mtu alisikiliza kama anayesimuliwa hadithi.

Kutoka hapo Kitinda hakurudi nyuma. Alikwenda chuo kikuu kusomea akiolojia, akapelekwa ng'ambo miaka miwili kusomea utunzaji wa mikusanyo, akarudi na shahada ya pili pamoja na miwani. Mwaka huohuo msimamizi wa mikusanyo pale makumbusho alistaafu. Kwa miezi saba funguo zote kumi na saba za stoo zilikaa kiunoni mwa Bi Namba. Tangazo la kazi lilipotoka, lilitaka mtu mwenye shahada. Alilisoma ubaoni, akaendelea na safari yake ya kwenda kuchota maji ya kuoshea.

Jumapili moja Kitinda alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Alisema, "Dada, niliomba ile kazi. Sikukwambia kwa sababu sikudhani ningeipata."

"Umeipata?"

"Naanza kesho."

Bi Namba alimpa hongera. Kisha akatoka nje kuanua nguo, na zote zilikuwa bado mbichi.

Tangu siku hiyo alikuwa na kitu kifuani ambacho hakikumpa nafasi ya kupumua vizuri. Alimkabidhi mdogo wake ufunguo mmoja mmoja, akitaja kila mmoja ni wa kabati gani, na alipofika wa kumi na saba mkono wake ulisita kuuachia. Mlangoni pa ofisi kilibandikwa kibao chenye jina la Kitinda. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka, ambacho Bi Namba hakuwahi kukikalia hata katika ile miezi saba, kwa kuwa aliona si chake. Sasa alijuta. Angekikalia angalau siku moja.

Kitinda alimsihi amwite kama kawaida. Yeye akakataa. "Kazini ni kazini, Msimamizi," alijibu, na neno Msimamizi alilitamka polepole mpaka likawa karibu na tusi. Wenzake wakawa wanatazama pembeni.

Nyumbani ndiko kulikomuuma zaidi. Mama yao alikuwa akiishi kwa Bi Namba, na ni yeye Bi Namba aliyempa chai asubuhi na kumpaka dawa ya magoti jioni. Lakini ukutani sebuleni, juu kabisa ya televisheni, ilining'inia picha ya Kitinda akiwa amevaa joho, na mama ndiye aliyeagiza itundikwe pale. Wageni wakija walikuwa wakiiangalia. Jirani mmoja aliuliza kama huyo ndiye mtoto anayefanya kazi makumbusho.

"Wote wawili wako makumbusho," mama alimjibu. "Ila huyu ndiye mkubwa."

Alimaanisha cheo. Bi Namba, aliyekuwa jikoni akimenya vitunguu, alisikia, na kwa mara ya kwanza alivishukuru vitunguu.

Halafu binti yake mwenyewe akaleta insha kutoka shuleni. Waliambiwa waandike wanataka kuwa nani wakikua. Yeye aliandika kwamba anataka kuwa kama mama mdogo, na kwa mama mzazi aliacha mstari mmoja tu, kwamba yeye pia hufanya kazi hapo hapo. Mwalimu alimpa alama za juu. Bi Namba aliirudisha insha kwenye begi, akasema ameandika vizuri lakini aangalie nukta zake.

Alimlalamikia mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Alimwambia kila kitu anachokijua Kitinda kuhusu stoo ile amefundishwa na yeye. Mumewe alitafuna kwanza, akameza, akasema basi alimfundisha vizuri. Chakula kikamshinda Bi Namba.

Kama Kitinda angekuwa na majivuno, mambo yangekuwa mepesi. Bi Namba angemchukia waziwazi, na wenzake wangemwunga mkono. Lakini mdogo mtu aliijua kazi yake. Aliondoa makasha ya karatasi yaliyoliwa na wadudu, akaleta ya plastiki. Aliweka vifuko vya kunyonya unyevu, akaingiza orodha yote kwenye kompyuta, na alipotaka kubadilisha jambo aliuliza kwanza wanaolifanya. Saa nne alikuwa akipita na chupa ya chai mwenyewe, akimimina. Bi Namba alikunywa chai hiyo huku akitafuta kosa ndani yake, na hakulipata. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Mwezi wa tisa wa utawala wake, Kitinda alikuwa akipitia makasha ya uchimbaji wa miaka kumi na minne nyuma, ambayo hakuna aliyeyafungua tangu yafungwe. Alitoka stoo karibu anakimbia, ameshika trei kwa mikono miwili. Juu yake vilipangwa vigae vyenye mistari ya mawimbi, kama iliyochorwa kwa meno ya kitana udongo ukiwa bado mbichi. Namba zake zilisema vimetoka tabaka la tano, chini kabisa. Wataalamu wote, alieleza akihema, walikuwa wanaamini mtindo huo wa mistari ulianza karne nyingi baadaye. Kama vigae hivi vilikuwa chini kiasi hicho, basi wote walikosea.

Aliiweka trei mezani mbele ya dada yake.

"Dada, namba hizi ni zako. Una uhakika nazo?"

Bi Namba alivitazama. Vilikuwa sitini na vitatu. Hakuhitaji kuvihesabu.

Miaka kumi na minne nyuma, paa la chumba cha kuoshea lilivuja mvua ya siku tatu. Mifuko miwili ya vigae ililoa, na karatasi za ndani zenye kutaja tabaka zikayeyuka kama uji. Mfuko mmoja ulikuwa wa tabaka la pili, mwingine wa la tano, ila upi ni upi haikujulikana tena. Wakati huo alikuwa kibarua, mkataba wake ukihuishwa kila baada ya miezi mitatu, na aliogopa kusema. Akakisia, akaandika. Baadaye mwaka uleule, aliyeongoza uchimbaji alimletea daftari lake la shimoni ili amnakilie ramani moja kwa mwandiko mzuri. Alipokuwa akilipekua aliona pameandikwa wazi: vigae vya mistari, sitini na vitatu, tabaka la pili. Alikuwa amekisia kinyume. Alinakili ramani, akalirudisha daftari, akanyamaza. Kisha akajiwekea sheria asikisie tena kamwe, na hakukisia tena.

Sasa mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake, macho yamemtoka kwa furaha, akingoja jibu. Ilimtosha kusema neno moja. Badala yake alisema, "Mwandiko wangu huujui?"

"Naujua."

"Basi."

Kitinda akaibeba trei yake, akarudi ofisini akiimba chinichini.

Zilipita wiki tatu. Makumbusho yaliandaa mkutano, yakaalika wataalamu wa nje, na Kitinda ndiye angekuwa msemaji mkuu. Bi Namba hakukosa nafasi za kusema. Walikutana kila siku kwenye korido, wakanywa chai pamoja. Jumamosi moja Kitinda alikuja nyumbani kufanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya mama, na mama, ambaye hakuelewa hata robo yake, alipiga makofi na kufuta machozi. Bi Namba alikuwa akisuuza sahani. Alijiambia kwamba waliofinyanga vyungu vile walikwisha kufa, hawataumia. Alijiambia pia kwamba labda hakuna atakayegundua. Lakini moyoni alijua anachokitaka. Alitaka siku moja tu, mbele za watu, mdogo wake akose jibu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Bi Namba alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, amevaa gauni lake la kijani. Kitinda alizungumza vizuri, akaonyesha picha za vigae zikiwa zimekuzwa ukutani, na kwenye kila picha zikaonekana namba, kubwa kama za nyumba, kwa mwandiko ambao kila mfanyakazi wa pale aliutambua. Alipomaliza, mzee mmoja safu ya mbele alinyoosha fimbo yake. Ndiye aliyeongoza uchimbaji ule, sasa amestaafu, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikioni. Walimwita Mzee Msumari, kwa sababu enzi zake hakumruhusu mtu mwingine kupigilia misumari ya kupimia mashimo.

"Mwanangu," alisema, "umezungumza vizuri sana, ndiyo maana naona vibaya kusema. Shimo lile nililichimba mimi. Tabaka la tano halikutoa kigae cha mistari hata kimoja. Vyote vilitoka la pili. Daftari ninalo nyumbani, sikuwahi kulikabidhi, na hilo ni kosa langu."

Mtu alikohoa. Mgeni mmoja akaandika jambo haraka kwenye karatasi yake. Kitinda alibaki amesimama, mkono juu ya meza, na Bi Namba aliona kutoka kule nyuma jinsi shingo yake ilivyokakamaa, kama alipokuwa mtoto akizuia kilio wakati wa kusukwa.

Kisha akasema, "Ikiwa ni hivyo, namba zilikosewa stoo. Stoo ni yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Nilipaswa kukutafuta kabla ya kusimama hapa. Naomba radhi kwenu nyote."

Ukweli usemwe: Bi Namba alifurahi. Ilikuwa furaha fupi iliyomshuka kama maji baridi, akaisikia mpaka tumboni. Haikumaliza hata dakika tano. Watu walipotoka nje kwenye vinywaji, alimsikia Mkurugenzi akimwambia mgeni kwamba katika miaka yake yote hajaona mtu akibeba lawama namna ile. Mgeni akasema mtu wa aina hiyo anafaa kuongoza taasisi. Mzee Msumari mwenyewe alikuwa ameshika mkono wa Kitinda, hauachii. Bi Namba alisimama na glasi yake ya juisi, na wivu ukamrudia maradufu. Kumbe hata katika kuanguka mdogo wake alimshinda. Yeye kosa lake alikuwa amelificha miaka kumi na minne, na mwenzake amelibeba lisilo lake kwa pumzi moja.

Alingoja aulizwe. Hakuulizwa. Kitinda hakutaja jina la mtu, wala hakubadilisha uso alipomwamkia asubuhi. Aliagiza tu makasha yote yakaguliwe. Kwa kuwa hakujua kosa lilianzia wapi wala lilifika wapi, alianza na yote ya mwandiko uleule, mia nne na kumi na mawili. Kila kasha lililongoja ukaguzi lilibandikwa karatasi nyekundu iliyoandikwa: Namba hazijathibitishwa.

Jumatatu Bi Namba alipofungua mlango wa stoo, alisimama. Rafu zote, kutoka sakafuni mpaka darini, zilikuwa nyekundu. Miaka kumi na tisa ya mikono yake ilikuwa imetiliwa shaka mstari kwa mstari. Vijana wawili wa ukaguzi walikuwa wamekaa chini na vioo vya kukuzia, wakilinganisha namba na ripoti, wakipiga miayo. Mmoja wao alimwambia mwenzake, bila kujua nani amesimama nyuma yake, kwamba huyu mama huenda alikuwa akijiandikia tu chochote.

Alivumilia siku tatu. Hazikuwa siku za majuto, au majuto hayakuwa ndiyo makubwa. Kilichomchoma ni kwamba namba zake zilikuwa sahihi. Kigae hiki alikiandika siku binti yake alipoota jino, kile siku umeme ulipokatika akasogea dirishani, na vyote vilikuwa sahihi. Kati ya maelfu na maelfu, sitini na vitatu tu ndivyo vyenye kosa, pamoja na wenzao wachache wa mfuko wa pili, na ni yeye peke yake duniani aliyejua hivyo.

Alhamisi asubuhi aliingia ofisini kwa Kitinda, akafunga mlango, hakuketi.

"Waambie wale vijana waache," alisema. "Ni makasha mawili tu. Themanini na nane na themanini na tisa. Mifuko ililoa, nikakisia. Mengine yote ni sahihi, naweza kuapa."

Kitinda alivua miwani. "Ulijua lini kwamba ulikosea?"

"Mwaka uleule."

"Na siku nilipokuletea trei?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza, dada. Nilisimama mbele yako nikakuuliza."

"Nilikuonea wivu," Bi Namba alisema. "Nakuonea hata sasa."

Alitazamia mdogo wake alie, au amkumbatie, au aseme maneno yale mazuri ya kusamehe ambayo yangemmaliza kabisa. Kitinda hakufanya hata moja. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtu aliyekasirika kwelikweli, na sauti ilipotoka ilikuwa ya chini na ngumu.

"Ungenitukana ningejua la kufanya. Ungenigomea, ungenisema kwa mama. Lakini uliniacha nikavae nguo nzuri, nikasimame mbele ya watu wale, na wewe ukaja ukakaa nyuma kuniangalia. Toka, dada. Tafadhali toka kabla sijasema la kujutia."

Alitoka. Mchana aliitwa kwa Mkurugenzi. Baada ya wiki alipewa barua ya onyo: hataandika namba kwa mwaka mzima, atafanya kazi chumba cha kuoshea, na kosa lake litaingia kwenye kumbukumbu. Chini ya barua palikuwa na saini ya Kitinda. Bi Namba aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi, na jambo la ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Tangu mdogo wake aje pale, hii ilikuwa mara ya kwanza kufanyiwa na yeye kitu kisicho cha wema.

Kitinda aliacha kuja Jumapili. Mara ya kwanza mama alidhani ana kazi. Mara ya tatu alimwuliza Bi Namba wamekosana nini, na Bi Namba alimsimulia yote, bila kujitetea, akiwa anampaka dawa ya magoti. Mama alingoja mpaka goti la pili likaisha.

"Yule huwa nampigia simu," alisema mwisho. "Wewe ndiye ninayekaa kwako. Nilidhani unaiona tofauti."

"Na ukutani kuna picha ya nani?"

"Wewe uliwahi kunipa picha?"

Bi Namba alifikiri. Hakuwahi kumpa. Siku zote ni yeye aliyekuwa akiwapiga picha wengine.

Kule kazini, dada na mdogo walizungumza kwa karatasi za maagizo. Miezi miwili ilipita hivyo. Maneno ya kwanza baina yao yalikuwa ya vanishi: mmoja alisema imekwisha, mwingine akasema iko nyingine kabati la pili. Wiki iliyofuata walizungumzia panya.

Wakati huo Mzee Msumari alikuwa akija kila Jumanne na daftari lake kubwa, akikaa na Bi Namba kwenye chumba cha kuoshea kurekebisha vile vigae. Namba za uongo zilifutwa kwa pamba na dawa, kigae baada ya kigae, na kijana mwingine akaandika za kweli. Bi Namba alikaa na mikono mapajani akitazama namba za yule kijana zinavyoyumba, akimeza mate. Mzee alimweleza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba yeye mwaka fulani alipoteza mfuko mzima wa mifupa njiani, akaandika kwenye ripoti kwamba tabaka lile lilikuwa tupu. Mpaka leo watu wanaandika makala kueleza kwa nini tabaka lile ni tupu. Bi Namba alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamwuliza kama amewahi kumwambia mtu. Mzee alisema anamwambia yeye sasa, wa kwanza.

Bi Namba alimshauri amwambie Kitinda, na mzee, baada ya Jumanne mbili za kujikuna, alimwambia. Hapo ndipo Kitinda alipofungua daftari jipya, akaliweka juu ya meza karibu na mlango wa stoo ili kila mtu aandike humo kosa alilolifanya, tarehe, na namna lilivyotokea, bila kuogopa barua. Ukurasa wa kwanza aliomba uandikwe na dada yake. Bi Namba alijaza mistari saba. Kitinda alijaza wa pili: kwamba alisimama mbele ya watu na jambo ambalo hakulihakikisha kwa sababu alitaka sana liwe kweli. Mzee Msumari alitumia kurasa tatu. Baadaye hata Mkurugenzi alikuja akaandika kitu, akakunja ukurasa.

Jumapili moja Kitinda alikuja nyumbani bila kupiga simu, akakuta watu wanakula, akavuta kiti. Hakuna aliyesema lolote kuhusu miezi ile. Bi Namba alimpakulia, na alipoona mama anamsogezea mdogo wake kipande kikubwa cha nyama, roho ilimuuma kama kawaida. Akajisogezea na yeye kipande kingine.

Mwaka wa adhabu ulipoisha, alirudishiwa kalamu. Pamoja nayo alipewa kazi mpya ya kufundisha wanaoanza, wanne kila mwaka, namna ya kuosha, kuandika na kutokisia. Somo la mwisho alilifanya mbele ya makasha themanini na nane na themanini na tisa, akisema ni yeye aliyekosea. Aligundua baadaye kwamba ni Kitinda aliyependekeza apewe kazi hiyo. Jioni ile wema huo nao ulimuuma, chakula kikamshinda tena.

Miaka miwili mbele, ule utabiri wa mgeni kwenye vinywaji ulitimia. Kitinda aliitwa kuongoza makumbusho makubwa kwenye mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Kwenye sherehe ya kumuaga, Bi Namba aliombwa aseme machache. Alisema huyu ni mdogo wake, kwamba alimfundisha kushika mswaki, na kwamba kuanzia hapo alijifundisha mwenyewe. Akaketi. Kitinda alikuwa akilia, miwani imejaa ukungu.

Msimamizi mpya alikuwa mwanamume wa makamo aliyetoka mbali, mwenye shahada tatu na gari. Alikalia kiti kile cha kuzunguka siku ya kwanza, akazunguka mara moja. Bi Namba alimkabidhi funguo kumi na saba bila kusita hata kwa mmoja. Alimwita Msimamizi, na neno likatoka kama maneno mengine. Wiki ya kwanza aliingoja ile hali ya kifuani, wiki ya pili akaitafuta. Mtu yule alipandishwa daraja mwezi wa tatu, likatangazwa kwenye kikao, na Bi Namba akapiga makofi kama wengine huku akifikiria dengu alizoziacha zimelowekwa.

Hilo lilimshangaza kiasi kwamba alitoka nje kwenye ngazi, akampigia Kitinda simu.

"Bosi mpya kapandishwa cheo," alimwambia, "na mimi sijisikii chochote."

Upande wa pili Kitinda akaanza kucheka, cheko lile la utotoni lisilo na breki. Alipopata pumzi alisema kwamba na yeye ana habari, kwamba kuna kitabu cha vigae vya mistari wanakitoa kule, na jina lake mwenyewe litakuwa juu ya jalada.

Bi Namba aliegemea ukuta. Kile kitu cha kifuani kilimjia, kilekile, mahali pake palepale chini ya mbavu.

"Hongera," alisema. "Roho inaniuma vibaya mno. Nitumie nakala mbili, moja ya mama."